Bingwa wa Maswali ya Wenzake

9 Februari

Kwa mpwa wangu, Bingwa,

Pokea salamu zetu. Huku wazima, isipokuwa goti la mama yako, ambalo limeanza tena ugomvi na ngazi. Dada yangu huyo hataki kwenda hospitali, na mimi hospitalini ndiko ninakoshinda. Anasema mahali ninapofulia mashuka ya watu mahututi, yeye hawezi kwenda kusumbua kwa goti tu. Mdogo wako amepata kazi ya kupaka rangi magari. Anarudi jioni na nyusi za kijani. Anakusalimu.

Sasa la maana. Hospitali imeleta amri: kuanzia mwakani, msimamizi wa kitengo chochote lazima awe na stashahada. Chochote, hata dobi. Mimi nasimamia dobi hii tangu wewe hujaota meno, leo naambiwa nikasomee namna ya kuisimamia. Nilicheka, kisha nikajiandikisha. Darasa ni la jioni, pale chuo cha nyuma ya posta, na tupo watu wazima watupu: Mama Pasi wangu, yule anayeendesha mashine ya kunyooshea mashuka, mpishi mkuu, dereva wa gari la wagonjwa na wengine. Tunakaa kwenye madawati madogo, magoti yanakaribia kidevu.

Na masomo yenyewe wametuchanganyia: uhasibu, takwimu, kemia, sheria ya kazi, saikolojia. Nimekuwekea maswali mawili yaliyonitoa jasho. Nimeyaandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu siwezi kuchora vile vistari vya hesabu, na macho yangu unayajua.

Mama yako anauliza tasnifu imefika wapi. Anasema chuo kimeshakuongezea muda mara moja na hakitaongeza tena. Usipoikabidhi kufikia mwisho wa Novemba, jina lako linafutwa. Ni kweli? Niambie mimi, nitajua namna ya kumwambia.

Mjomba wako wa dobi


14 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imeingia asubuhi, nami najibu kabla ya chakula cha mchana. Mimi mzima. Chumba ni kile kile juu ya duka la vioo. Wakianza kukata, meno yanakufa ganzi. Mwambie Mama goti halisikii maneno, linasikia daktari.

Swali la takwimu. Umeshangaa kwa nini wastani wa mishahara umetoka mkubwa kuliko mshahara wa karibu kila mtu. Ni kwa sababu umemjumlisha mkurugenzi. Usitumie wastani hapo. Wapange wote kwa mstari, wa chini hadi wa juu, umchukue aliye katikati. Huyo ndiye atakayekuambia ukweli wa dobi.

Swali la uhasibu. Mashine ya kufulia haifi siku moja. Inakufa kidogo kidogo kila mwaka, na hicho kidogo ndicho mnachokiandika kama uchakavu. Chukua bei ya kununulia, toa ile mtakayopata mkiiuza kama chuma chakavu, gawanya kwa miaka mnayotarajia ifanye kazi. Hatua zote nimezipanga kwenye karatasi ya pili.

Novemba ni kweli. Tasnifu inaendelea vizuri. Sura zote nne zipo. Ya tatu inahitaji kupigwa pasi kidogo tu. Mwambie Mama hivyo.

Ukiwa na maswali mengine, tuma. Usiogope wingi.

Mpwa wako


12 Machi

Bingwa wangu,

Tunaendelea. Mama yako nilimwambia, akafurahi, akawaambia majirani, nao wakaambiana wenyewe. Mke wangu anakusalimu, anasema unakonda, ingawa hajakuona.

Nilipolisoma jibu lako la wastani mbele ya darasa, mwalimu aliacha chaki. Mpishi akanivuta koti: "Wewe mzee, umeanza lini kuwa na akili?" Nikavimba kichwa siku mbili. Siku ya tatu nikawaambia ukweli, kwamba nina mpwa, binti wa dada yangu. Sasa wote wanataka wawe na mpwa. Nakuletea maswali matano, la kwangu ni moja tu. Ya sheria mawili ni ya dereva, la kemia langu, la hesabu za riba la mpishi, la saikolojia la Mama Pasi.

Hiyo tasnifu inahusu nini hasa? Mama yako ananiambia ni foleni. Nimemwambia Mama Pasi, akasema, "Foleni ina nini cha kusomea? Mtu anasimama, basi." Nikamwambia nitakuuliza wewe.

Mjomba


17 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nimepokea jana. Habari za huku ni nzuri, ila bomba la chumba cha jirani limepasuka na sasa tunaoga wote kwangu.

Dereva: mfanyakazi hafukuzwi kabla hajapewa nafasi ya kujieleza, hata kama kosa linaonekana wazi. Katika swali la kwanza hakupewa, basi tajiri ameshindwa. Katika la pili aliitwa akakataa kwenda, hilo ni jambo jingine. Mpishi: kosa lake ni kuanza na riba ya mwaka ilhali mkopo unalipwa kwa mwezi. La kwako, la kuzimua dawa ya kung'arisha mashuka, nimelieleza kwa urefu kwenye karatasi ya bluu, hatua kwa hatua, maana najua kemia inakutisha.

Mwambie Mama Pasi foleni ina mambo. Ninatafuta njia ya kukadiria mtu akiingia chumba cha kusubiri atangoja kiasi gani kabla ya kuitwa. Tasnifu inaendelea vizuri.

Tuma mengine.

Mpwa wako


20 Mei

Mpwa wangu,

Salamu. Goti limetulia, mama yako alikubali kwenda kwa daktari baada ya kuteleza bafuni. Hakikuvunjika kitu ila ndoo. Mdogo wako ameacha rangi, sasa anauza simu, na nyusi zimerudi nyeusi.

Maswali ya Aprili uliyarudisha upesi, ahsante. Lakini kaa kitako nikusimulie balaa. Lile jibu la kemia la karatasi ya bluu tulitakiwa kulikabidhi mwezi huu. Lilikuwa tamu, nikalinakili. Mpishi akanakili kwangu. Mama Pasi akanakili kwa mpishi, dereva kwa Mama Pasi, na wawili wa nyuma sijui kwa nani. Sasa, katikati ya hesabu wewe uliandika hivi: "Hapa, Mjomba, usisahau kugeuza mililita kuwa lita." Na mimi nikaandika hivyo hivyo. Usinicheke! Nilikuwa nimetoka kazini, nanakili kwa mkono, kichwa nimekiacha dobi. Wenzangu nao wakaandika, kila mmoja akidhani ndivyo kemia inavyoandikwa. Mama Pasi alipiga na mstari chini yake.

Mwalimu wetu wa kemia ni kijana mpole, wa rika lako. Aliingia, akazitandaza karatasi zetu mezani, akasema taratibu, "Wazee wangu, naomba kuuliza. Nimekuwa mjomba wa watu sita tangu lini?"

Hakuna aliyecheka. Tumepewa sifuri wote, na tutahojiwa kwa mdomo, mmoja mmoja. Kwangu hakungoja, aliniuliza pale pale kwa nini mililita zigeuzwe kuwa lita. Nikatazama dari. Ile dari naijua sasa, ina madoa ya mvua upande wa dirishani. Aibu niliyoiona sijaiona tangu siku ya posa yangu.

Basi, sitaleta maswali tena. Nitafeli kwa akili yangu mwenyewe.

Mjomba wa watu sita


25 Mei

Shikamoo Mjomba,

Nimeisoma mara mbili, ya pili kwa kicheko. Pole sana. Kosa ni langu, sikupaswa kuchanganya mazungumzo na hesabu. Nimefurahi Mama amemwona daktari.

Lakini usiache kuleta. Nimefikiria njia: nitaandika maelezo sita tofauti, kila mtu na yake, kwa namna anavyozungumza. Mpishi nitamwandikia kwa vipimo vya jikoni. Na kama kuna wa darasa jingine wenye shida, nao walete. Huku pia nasaidia. Yupo wa sheria chumba cha pili, yupo wa uhandisi, na wiki iliyopita alikuja wa kilimo. Nikashinda nasoma magonjwa ya mahindi, jambo ambalo asubuhi sikulijua na jioni nikawa nalijua.

Tasnifu inaendelea vizuri. Tuma maswali ya Juni, Mjomba. Tuma hata moja.

Mpwa wako


23 Juni

Bingwa,

Huku wazima. Leo sina habari nyingine.

Nimezikusanya barua zako nikazisoma kwa mpigo, na kuna kitu hakikai sawa. Zinafika upesi mno. Mtu mwenye kitabu cha kuandika hamjibu mjomba wake kabla ya chakula cha mchana. Mjomba anangoja wiki tatu, tena anapewa mistari miwili. Halafu Machi nilikutumia maswali matano, ukajibu manne. Lile la Mama Pasi hukuligusa. Nilidhani umesahau. Juzi nimelitazama tena: "Eleza kwa nini mtu huahirisha kazi anayoiogopa." Wewe, unayemaliza magonjwa ya mahindi kwa siku moja, hilo uliliruka kama dimbwi.

Na umeniambia sura ya tatu inataka pasi kidogo. Mwanangu, nguo yenye doa haipigwi pasi. Ukiipiga, doa linakaa.

Nakuuliza wazi: sura ya tatu ina nini? Mganga hajigangi, sawa, lakini hata mganga akiugua huita mganga mwenzake. Wewe umefungua mlango kwa maswali ya mtaa mzima ili lako lisipate pa kukaa. Sikutumii lingine mpaka unijibu hilo. Mama yako sijamwambia kitu. Naogopa, Bingwa. Naiogopa hiyo Novemba kuliko kemia.

Mjomba


29 Juni

Shikamoo Mjomba,

Mimi sijambo.

Sura ya tatu haina kitu. Nashukuru kwa somo la kufua nguo. Kama umechoka kusaidiwa, sema umechoka. Usinigeuze mimi mgonjwa ili wewe uwe daktari.

Nisalimie Mama.


2 Septemba

Mpwa wangu,

Nilikuandikia Julai, ukanyamaza. Agosti pia. Hii ni ya tatu, na sikulalamikii. Nakupa habari tu.

Mama yako hajambo. Ameshaanza kuwaalika watu kwenye mahafali yako, hata wale wasiomsalimia. Nilimwambia apunguze kasi, akaniuliza kama namwonea wivu.

Matokeo yangu yametoka. Uhasibu nimepita, sheria nimepita, takwimu nimepita kwa kuchungulia. Kemia nilihojiwa nikafeli, na sifuri yangu imebaki sifuri. Stashahada siipati mwaka huu. Hospitali haikungoja mwakani, imemleta msimamizi mpya wa dobi, dada mmoja mwenye vyeti vyake, nami niko chini yake huku narudia somo. Siku ya kwanza alipotembezwa kuonyeshwa mashine, mimi ndiye niliyemtembeza. Iliniuma. Iliniuma sana, mbele ya vijana niliowafundisha kazi. Sikuambii ili unihurumie. Nakuambia ujue kwamba mtu anaweza kuambiwa hafai mbele za watu, na kesho yake akaamka, akanywa chai, akaenda kufungulia mvuke.

Sina swali la kutuma. Lile moja bado nalingoja.

Mjomba


11 Oktoba

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe. Barua zote tatu zilifika. Nilikuwa nazisoma, nazirudisha kwenye bahasha. Pole kwa dobi. Nilikaa na habari hiyo siku nyingi.

Najibu swali lako. Hesabu yangu yote imesimama juu ya jambo moja: kwamba kila mtu anafika kwenye foleni kivyake, bila kumtegemea mwingine. Oktoba ya mwaka jana nilikuwa nimekaa kwenye kliniki nakusanya takwimu. Akaingia mama na watoto wake, na wifi yake, na jirani aliyewasindikiza. Nyuma yao wazee wawili walioshikana mikono. Watu hawaji mmoja mmoja, Mjomba. Nilijua pale pale kwamba sura ya tatu imeanguka. Nikarudi chumbani, nikafunga daftari, na tangu siku ile sijaandika mstari. Msimamizi wangu, mama mmoja wa hapa chuoni, anadhani nanyoosha lugha.

Kila nilipokaa nianze, mtu alibisha hodi na swali lake, na swali lake lilikuwa na jibu. Hujui raha yake. Uliponiletea ya dobi nilifurahi kama mtoto. Ulipokataa kuleta nililia kwa hasira, na hasira haikuwa juu yako.

Msimamizi ameniwekea nafasi ya kufundisha, nikimaliza kama nilivyoahidi. Nikimwambia, nafasi inaondoka. Nisipomwambia, Novemba inafika. Nimezipigia hesabu njia zote mbili na zote zinatoka vibaya.

Usimwambie Mama.

Mpwa wako


18 Oktoba

Bingwa,

Barua imefika leo na najibu leo, sasa ni zamu yangu. Uzima upo.

Hesabu sikuielewa. Hofu nimeielewa, herufi kwa herufi. Jibu sina, ningekuwa nalo ningekuwa msimamizi wa dobi. Ninachokijua ni kwamba siku ile nilipotazama dari, yule kijana alikuwa na chaki mkononi. Ningesema tu "sijui," angegeuka ubaoni akanieleza, ndiyo kazi anayolipwa. Nikachagua dari.

Nenda kwa huyo mama anayekusimamia. Nenda kabla hujajitayarisha, maana ukijitayarisha vizuri utapata sababu nzuri ya kutokwenda. Nenda Jumatatu.

Mama yako simwambii. Lakini kumdanganya nako kunanichosha, jua hilo.

Mjomba


2 Desemba

Shikamoo Mjomba,

Nimekabidhi.

Jumatatu ile uliyoniambia nilifika mlangoni nikageuka. Jumatano nikaingia. Alikuwa anamenya chungwa. Nikamwambia nikiwa nimesimama, yote, pamoja na ule mwaka. Aliweka chungwa chini, akafuta mikono, akasema, "Nionyeshe ni wapi." Hakunifokea, hakunipa pole. Tulikaa mpaka mfagizi akaja kutuomba tunyanyue miguu. Tulirudi siku iliyofuata, na iliyofuata. Pengo hatukuliziba. Sura ya tatu sasa inasema kidogo kuliko nilichoahidi: inawahusu wale wanaofika mmoja mmoja, basi.

Nafasi ya kufundisha wamempa mwingine, naye anaistahili. Nimeumia, sitasema sijaumia. Jina langu halijafutwa.

Nawatumia nakala. Usihangaike kuisoma yote. Mwisho wa sura ya tatu kuna sentensi moja iliyonichukua siku nzima kuiandika. Msomee Mama. Mimi sijui nianzie wapi kumwambia.

Kuhusu kemia: ukirudia nitakusaidia, lakini usinitumie swali. Jaribu mwenyewe, kisha nitumie pale ulipokwama.

Mpwa wako


15 Desemba

Mpwa wangu,

Tasnifu imefika, imekunjika pembe moja, posta hawajui heshima. Nimeipitia ukurasa kwa ukurasa. Majina ya miezi niliyaelewa. Na ile sentensi.

Nilikwenda kwa mama yako Jumapili. Alikuwa sebuleni, mguu juu ya mto, anachambua mchele. Nikamwambia bintiye amemaliza. Akafungua mdomo apige vigelegele, nikamwambia ngoja kwanza, dada. Nikamwambia na ya ile nafasi. Kisha nikasoma kama ulivyoandika: "Kwa watu wanaofika pamoja, mwandishi amejaribu na hajapata jibu."

Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akauliza ulijua lini. Nikamwambia, Oktoba ya mwaka jana.

Mama yako akarudi kwenye mchele wake. Aliuchambua mpaka chai yangu ikapoa. Sikuona machozi, wala hakutaja nafasi wala mahafali. Mwisho akasukuma sinia pembeni, akasema, "Mwaka mzima ananiambia inaendelea vizuri. Mwanangu alikuwa na nani huko?"

Akawa ananitazama mimi nijibu. Hilo, Bingwa, nimelikataa. Njoo umjibu mwenyewe.

Mjomba wako